Roboti Aliyepakwa Rangi Usoni

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, anakusanya vitu vya kuchezea ambavyo havijachezewa. Kwake Dar es Salaam ana kabati la vioo lenye taa ndani, kama la sonara, na humo amepanga vigari, roketi na bastola za kutoa cheche, kila kimoja ndani ya boksi lake, na kila boksi bado limezibwa kwa gundi ya kiwandani. Mara ya kwanza nilipoonyeshwa kabati hilo niliuliza kama kuna aliyewahi kuona kilichomo ndani ya maboksi. Alinikodolea macho utadhani nimemwomba twende tukafukue kaburi. Ukifungua tu, akasema, thamani imekwisha. Basi mzee mzima, ndevu nyeupe, anakaa na kikombe chake cha chai anatazama roketi iliyochorwa kwenye karatasi, halafu anawasimulia watu kwamba anaburudika na utoto wake.

Utoto gani huo? Mimi nilikuwa naye. Kila likizo aliletwa huku Mafia, na hakuna kitu kilichowahi kumaliza wiki mikononi mwake.

Nami nakusanya, nisijivishe kilemba cha ukoka. Nyuma ya duka langu la vifaa vya ujenzi hapa Kilindoni kuna rafu ya mbao. Juu yake pana lori la bati lisilo na gurudumu la mbele, roketi iliyong'atwa pua na mpwa wangu alipokuwa anaota meno, rundo la vitabu vya picha vya safari za mwezini vilivyoliwa na mchwa kuanzia pembeni, na kanda za video zilizoota ukungu mpaka deki yoyote yenye akili inazitema. Hewa ya kisiwa hiki ina chumvi na haimwonei mtu haya. Binamu alinitia kwenye kundi la mtandaoni la wakusanyaji wenzake, nikawatumia picha ya rafu yangu kwa moyo mweupe. Walijibu kwa vikaragosi vya kucheka. Mmoja akauliza kama nafanya biashara ya vyuma chakavu. Watu hao huandikiana kutwa nzima juu ya kona ya boksi iliyobonyea, kwa uchungu ambao wengine tunauweka kwa ajili ya misiba. Nikajitoa.

Kitu pekee ambacho wangekitaka kwenye rafu ile ni roboti wa bati, wa rangi ya fedha, mrefu kupita shubiri kidogo, mwenye ufunguo mgongoni. Ukimtia ufunguo anatembea kwa kuyumba kama mtu aliyeshuka chomboni sasa hivi, anatoa mlio wa cherehani, halafu anaanguka kifudifudi. Hakuwa na uso. Mahali pa uso palikuwa na rangi nyeusi ya mlango, na katikati ya rangi ile palikuwa na alama ya dole gumba, mistari yake yote inaonekana. Dole lile lilikuwa la mama yangu.

Mjomba ndiye aliyemleta, alipokuja likizo kutoka Maskati alikokuwa akifanya kazi. Alileta wawili, mmoja wa mwanawe na mmoja wangu, kisha yeye na mwanawe wakarudi zao. Mama aliamini, kama walivyofunzwa wengi wa rika lake, kwamba malaika wa rehema hawakanyagi nyumba yenye sanamu. Midoli ya dada zangu ilikuwa imekatwa vichwa zamani. Tuliishi na ukoo mzima wa midoli isiyo na vichwa na hatukuona ajabu. Lakini roboti alimpa tabu. Si mtu, si mnyama, na anatembea. Mama akamfunika kwa upande wa kanga akampeleka kwa mwalimu wa madrasa. Mwalimu alimgeuza, akamtia ufunguo, akamwangalia akitembea juu ya jamvi. Akamtia tena. Akamtia tena, sasa nadhani si kwa ajili ya elimu. Mwisho akasema mwili si neno, ni bati kama debe. Tatizo ni macho. Siku hiyo kulikuwa na fundi nyumbani anapaka milango. Mama alichovya dole gumba kwenye mkebe wake na kumbandika roboti usoni, mara moja, akabonyeza.

"Haya," akasema. "Sasa ni debe. Cheza."

Nililia, maana macho yale yalikuwa mekundu na nilikuwa nimeyapenda. Kilio hicho kilikwisha. Mama alifariki nikiwa bado shuleni, na kwa imani ileile hakuwahi kukaa mbele ya kamera. Wenzangu wana picha za mama zao zilizokuzwa na kutiwa fremu ukutani. Mimi nilikuwa na dole gumba juu ya bati. Udogoni nilikuwa nikiweka langu juu ya lile, likaingia lote ndani. Nikakua, yakawa sawasawa. Utu uzimani langu likazidi pande zote, ikabidi niguse kwa ncha tu ili nihisi mistari. Nilikuwa nafanya hivyo nikifungua duka, kabla sijamsikiliza mteja yeyote.

Sisemi kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Zile filamu za anga za juu, kwa mfano, zilikuwa ovyo kabisa. Tulizitazama kwenye banda la makuti, jenereta likinguruma nyuma, na mbele yetu amesimama mfasiri na kipaza sauti, mtu asiyejua Kiingereza wala lugha ya hao wa sayari nyingine, akitutungia kila neno. Kwake yeye mfalme wa Mirihi alikuwa anagombea shamba la minazi la marehemu baba yake. Vyombo vya anga vilining'inizwa kwa uzi, na uzi ulionekana. Ndio tuliokuwa tukiusubiri. Chombo kikitokeza tu banda zima linapiga kelele, "Uzi huo! Uzi!" na aliyeuona wa kwanza anatembea kifua mbele mpaka nyumbani. Filamu zile zilituahidi kwamba ikifika elfu mbili kila mtu atakuwa na gari la kuruka. Elfu mbili ikaja ikapita, na hadi leo ukitaka kwenda kijiji cha Bweni unapanda pikipiki na unafika na vumbi mpaka kwenye meno.

Binamu alipokuja mwaka huu alileta filamu mojawapo kati ya hizo kwenye kompyuta yake. Imesafishwa, akasema. Tukakaa barazani tukaitazama. Rangi zinang'aa, sauti haina mkwaruzo. Chombo cha anga kikapita. Nikasogea karibu. Kikapita tena. Uzi hakuna. Wameufuta.

"Ona kazi ya watu," binamu akasema. "Wametoa kasoro zote."

"Hiyo si filamu tuliyoiona," nikamwambia. "Hiyo ni maiti iliyokwisha kuoshwa."

Akacheka sana. Alicheka kwa sababu kwetu binamu ni mtani wako. Ana ruhusa ya kukuita mwizi mbele ya wakwe zako, nawe una ruhusa ya kumwambia ana sura ya samaki chewa, na hata msibani mnaweza kutupiana maneno watu wakafurahi. Anayekasirika ndiye anayeaibika. Tangu utoto wetu sijawahi kumwambia mtu huyu neno la kweli likamwingia, kwa maana kila nisemalo analipokea kama utani na kunirudishia jingine.

Lakini hakuja kwa ajili ya filamu. Alikuja na boksi. Roboti wake alimvunja wiki ileile aliyopewa, ila mama yake alilitunza boksi, akawa anawekea vifungo na shanga, na baada ya miaka yote hiyo limetoka kabatini kama jipya: picha ya roboti juu yake, macho mekundu, nyota nyuma. Yeye ana boksi bila roboti, mimi nina roboti bila boksi. Aliliweka juu ya kaunta ya duka, akamsimamisha roboti wangu pembeni, akawatazama kama mshenga.

"Binamu, tuwaoze hawa."

"Tukuoze wewe kwanza, uliyeshindikana."

"Lakini huyu usoni ana nini? Masizi?"

"Rangi. Mwache hivyohivyo."

"Hivyohivyo! Kama mchawi!"

"Mchawi wewe, unayelala na makaratasi."

Sikumwambia dole lile ni la nani. Ningemwambia, angelifanyia mzaha, kama ilivyo haki yake, na mimi sikutaka mzaha ule uwepo duniani.

Kesho yake ukaja msiba kijijini Kanga, wa rafiki wa zamani wa baba yangu. Maziko hayana kesho, nikaondoka mapema. Binamu nilimwachia duka, kwa sababu tumbo lilikuwa linamkata kwa pweza aliyemla kwa pupa kana kwamba Dar es Salaam hakuna bahari.

Niliporudi alasiri nilimkuta amesimama mlangoni, mikono ameificha nyuma, uso umejaa furaha.

"Fumba macho."

"Nimetoka kuzika, sina michezo."

"Fumba, mzee wa hasira."

Nikafumba. Akaniwekea kitu mkononi. Nilipofumbua, roboti alikuwa ananitazama.

Macho mekundu, meno ya mistari, mashavu yenye skrubu zilizochorwa. Mwili wote ulikuwa umeliwa na kutu, lakini uso ulikuwa wa jana, maana rangi ya mlango ilikuwa imeufunika na kuutunza miaka yote ile. Binamu alikuwa ametumia thina ya duka langu mwenyewe, na pamba, na subira. Aliisifu sana hiyo subira yake. Tangu asubuhi alikuwa anasugua polepole asije akaukwaruza.

"Nani angejua kwamba uso umo, mzima! Wa namna hii humpati popote, binamu. Nimekutolea kasoro."

Nikamwambia, "Umemfuta mama yangu."

Alicheka mpaka akashika kaunta. "Shangazi alikuwa na sura hii? Basi mshukuru Mungu, wewe umefanana na baba yako!"

Hakuwa amekosea kitu. Mimi nimerusha, yeye amerudisha, na kusema kweli alirudisha vizuri. Mteja aliyekuja kununua misumari naye akacheka. Nikacheka na mimi. Nilikuwa nikimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote, na nilikuwa ninacheka. Ncha za vidole vyake zilikuwa bado nyeusi kwa ile rangi. Nikawa nazitazama hizo, nisitazame kingine.

Alipokwenda kuswali magharibi nilikwenda nyuma ya duka kwenye shimo la taka. Nikapekua magamba ya samaki na maganda ya mihogo mpaka nikaipata pamba. Ilikuwa bonge dogo, jeusi, linanuka thina. Nililigusa kwa dole gumba, kwa mazoea tu. Lilikuwa laini na halikuwa na mstari wowote.

Aliporudi nikamwambia, "Mchukue."

"Nani?"

"Roboti. Ni wako. Wewe niachie boksi."

Katika dunia ya watu hawa boksi hushinda kilichomo, na mtu aombaye boksi ni mtu anayejua anachofanya. Aliniangalia kwa jicho jembamba, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona ananiheshimu.

"Kumbe mjanja!" akasema. "Unajifanya wa kisiwani."

Tulivutana, akabembeleza, akakubali shingo upande. Alipanda ndege na roboti amemviringisha kwenye taulo, ana hakika kwamba nimempunja. Mpaka leo akipiga simu hanisalimu kwanza. Ananiita mwizi wa boksi, mimi namwita mwosha maiti, na tunacheka, kisha anauliza kona za boksi zikoje.

Zipo. Pamba nimeitia ndani na boksi nimeliziba kwa gundi. Limekaa mbele kabisa kwenye rafu, roboti wa picha anawakodolea wateja macho yake mekundu, na sijui malaika wanaonaje. Mara kwa mara mtu huuliza mna nini humo. Namwambia halifunguliwi. Likifunguliwa, thamani imekwisha.