Ampli ya Urbain na Pacha Wake

Fundi Évariste wa mtaa wa Panda hakuwa mwizi. Msidhani namsema vibaya. Redio ngapi za watu zimelala kwake mwaka mzima na zikarudi na kila skrubu yake! Lakini ampli ya Urbain mpiga gitaa, ile ya kukuzia sauti, jamani, hiyo ilimtoa udenda. Ilikuwa ya zamani, ya taa za kioo ndani, zile zinazowaka taratibu mpaka zipate joto, na gitaa likipita humo lilitoka na mikwaruzo mitamu kama sauti ya mzee mvuta tumbaku. Urbain aliileta itengenezwe, akaenda kuchimba shaba Kambove, shimo likamfunika.

Évariste akajisemea: asiyekuwepo na lake halipo. Akaunda nyingine. Sanduku lilelile, kitambaa kilekile, hata alama ya sigara pembeni akaiunguza mwenyewe. Hiyo ndiyo angempa mjane. Ilikuwa nzuri, Mungu anajua, ila sauti yake ilikuwa safi mno, haina kidonda.

Lo! Njia ya mwongo ni fupi. Mjane mwenyewe, Mama Berthe, akaingia mchana mmoja bila hodi, akazikuta zote mbili mezani.

"Papa Évariste, macho inadanganya," akasema kwa Kiswahili cha Panda, ambako ndio ni njo. "Minye nitakaa inje, nitageuza mugongo. Weye piga. Ile ya bwana yangu nitaijua, na ile njo nitabeba."

Akakaa nje, akaupa mlango kisogo. Évariste akachomeka gitaa kwenye ile mpya, akapiga wimbo mfupi wa kanisani. Akahamia ile ya zamani, akaurudia uleule, safari hii akikosea makusudi ili isikike mbovu. Mara umeme ukakatika. Taa za kioo zikafifia, zikazimika zote. Akaweka gitaa chini, akawa anatafuta uongo wa kusema.

Alipotoka alimkuta Mama Berthe analia.

"Ile ya tatu," akasema. "Ile njo yake. Amekohoa kwanza, vile alikuwa anakohoaka."

"Mama, nimepiga mbili tu. Umeme imekatika."

"Nimesikia tatu."

Nywele zikamsimama fundi. Akarudi ndani mbio, akainyanyua ile ya zamani, akamletea mpaka mlangoni.

"Beba, mama. Hii njo yake ya kweli. Nilitaka kukuibia. Unisamehe!"

Berthe akaweka kiganja juu ya sanduku, akatikisa kichwa.

"Nitabeba mbao ya bure? Yeye haiko humu."

Akafuta machozi, akakaza kitenge chake, akachungulia juu ya bega la fundi, ndani ya karakana yenye giza. Uso wake ukalainika, akatabasamu vile mke anavyomtabasamia mumewe.

"Ulitaka ibakie kwako, Papa. Bon, amebakia yeye. Njo yule amekaa kwenye kiti yako. Umuchunge muzuri."