Majalada Sitini na Nane, na Ukurasa Usiofika Mwisho

Karani aliyestaafu katika masjala ya hospitali alikuwa na majalada arobaini na moja ya hadithi, lakini hadithi yenyewe hakuwa nayo hata moja. Kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba karatasi haipotei. Majirani walimbandika jina la Mzee Faili, naye akalipokea bila kinyongo. Alipostaafu aliazimia kutimiza jambo alilolitamani tangu ujanani, nalo ni kuandika riwaya. Akaanza kama alivyozoea kuanza kila kazi: akanunua kabati.

Wazo lililomjia, liwe sokoni au bafuni, aliliandika kwenye karatasi, akaitoboa matundu mawili, akaipa namba na kuifungulia jalada. Wajane, namba kumi na nne. Makoti, ishirini na mbili. Mikate, thelathini na moja. Miaka miwili ikapita hivyo. Kabati moja likazaa la pili, na chumba kidogo kilichopakana na sebule kikajaa mpaka dirisha likawa halifunguki lote.

Jumatatu asubuhi mkewe, fundi wa kushona, alisimama mlangoni mwa chumba hicho, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Baba watoto, mama anakuja Jumamosi. Na safari hii haji kutembea, anakuja kukaa. Goti halimruhusu tena kupanda zile ngazi za kwake."

"Mama mkwe karibu sana."

"Akaribie wapi? Juu ya kabati?"

Karani akakohoa, akanyoosha jalada ambalo halikuwa limepinda.

"Nakupa mpaka Ijumaa jioni," mkewe akasema. "Nionyeshe ukurasa mmoja. Mmoja tu! Uwe na mtu anayefanya jambo, nisome nielewe. Ukinionyesha, meza yako itabaki hapo dirishani, na mama hatajali. Usiponionyesha, naichukua nikatie vitambaa, na habari ya riwaya tuizike. Miaka miwili, mume wangu, nimekuwa nikisikia mashine ya kutobolea tu."

Karani hakumlaumu. Lililomuumiza ni kwamba mkewe alikuwa ametaja kwa sauti kile alichokuwa akikikwepa mwenyewe: huenda ndani yake hamkuwa na hadithi yoyote, mlikuwa na karatasi tu.

Jumanne aliyapanga majalada kwa alfabeti, ili aone lipi litangulie. Halikutangulia lolote. Jumatano akagundua kosa. Mama mmoja muuza mikate, mhusika aliyempenda kuliko wote, alikuwa nusu katika Wajane, robo katika Mikate, na kilichosalia katika Makoti. Masjala ilikuwa na kanuni yake: barua inayogusa mambo mawili hunakiliwa, nakala ikawekwa katika kila jalada linalohusika. Basi akanakili. Alinakili kwa mkono kutwa nzima, na kesho yake pia, na kila nakala ikadai jalada jipya la marejeo. Alhamisi jioni, vidole vikimuuma, alihesabu majalada sitini na nane. Ukurasa haukuwapo.

"Lahaula!" akasema, akaipiga meza kwa kiganja.

Ijumaa mchana shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi seremala, alileta kitanda cha mama yake. Alikisukuma vipande vipande katikati ya makabati, akapiga magoti na kuanza kukiunga.

"Shemeji, humu unafuga karatasi?"

"Naandika riwaya."

"Inahusu nini?"

"Inategemea. Ukianza na namba kumi na nne..."

"Namba! Mimi nikiulizwa natengeneza nini, nasema kitanda. Mchagua jembe si mkulima, shemeji."

Karani alichomwa na neno hilo. Akajibu kwa hasira, pasipo kufungua jalada: "Inahusu mama anayeuza mikate kwenye lango la hospitali. Mumewe alikufa, akamzika na koti lake. Miaka mitatu baadaye anakuja mtu kununua mkate, amelivaa."

Nyundo ikasimama hewani. "Koti lile lile?"

"Lile lile. Kiraka cha kiwiko alikishona kwa mkono wake."

"Usiniambie! Akamwambia nini?"

"Subiri." Karani akafungua Wajane, akafungua Makoti, akafungua Mikate. Akapekua nakala, kisha marejeo ya nakala. "Sijui," akasema hatimaye. "Haimo."

"Hujui? Si wewe mwenye hadithi?" Seremala akagongomea msumari wa mwisho kana kwamba umemkosea. "Umenining'iniza roho halafu unaniacha hapo hapo! Afadhali usingenianzia." Akaondoka akinung'unika.

Karani akaketi mezani, amekasirika, asijue amemkasirikia nani. Akaandika sentensi, akaikata. Akaandika nyingine juu ya mji na hali yake ya hewa, akaikata kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika. Ndipo akamweka yule mama nyuma ya kapu lake, akamtazamisha kiwiko cha mteja. Ulimi wa mama ukakataa kuuliza la koti, ukauliza lile uliloliuliza kila siku: "Mmoja au miwili?"

Mkewe alipoingia na mashuka kwapani, akauchukua ukurasa na kuusoma akiwa amesimama.

"Halafu? Yule mtu kajibuje?"

"Sijafika."

"Umetafuta kwenye mafaili?"

"Nimetafuta. Hakuna."

"Ukurasa haujafika mwisho, baba watoto. Tulikubaliana ukurasa."

"Tulikubaliana."

Akausoma tena, polepole, kisha akaurudisha mezani na kuuwekea kalamu juu usipeperuke. "Meza ibaki. Lakini makabati yanatoka leo hii, yote. Mama yangu hawezi kulala na wajane wako wote hawa."

Karani alianza na majalada, akayabeba mwenyewe mpaka stoo, manne manne. Safari ya tano rundo likamponyoka, na karatasi zikachanganyika sakafuni, mikate na makoti pamoja. Aliinama, akazitazama namba zilivyovurugika, moyo ukamwuma. Kisha akazizoa jinsi zilivyo.

Akarudi mezani. Akaandika: "Miwili." Akalitazama neno, likamkera, akalikata. Akaandika: "Mmoja." Nalo likamkera, lakini hakulikata, maana mwenye koti alikwishaingiza mkono mfukoni, na ilimlazimu karani ajue atatoa nini.