Kisigino cha Mama Pasi

Hatua ya kwanza ya asubuhi ndiyo iliyokuwa mbaya. Mama Pasi akiteremka kitandani, kisigino kilimchoma kama kimekanyaga msumari. Alichechemea mpaka jikoni, na chai ikichemka maumivu yalikuwa yamelegea. Akapiga hesabu yake: mguu ukipumzika unauma, ukifanya kazi unapona. Basi adui ni kukaa. Akampa wifi yake stuli ya kule kazini, akawa anasimama kutwa.

Kazi yao ni kunyoosha shuka za nyumba za wageni. Chumba cha pasi hakiingii kiatu, maana shuka nyeupe na vumbi haviivi chungu kimoja. Wote peku, juu ya saruji.

"Wifi, siku hizi unatembea kama bata mwenye deni," alisema wifi, dada wa mumewe, kutoka ng'ambo ya meza.

"Cheka tu. Huu ni mwiba umeota kwenye mfupa. Jirani yangu alikatwa wake hospitali."

"Akapona?"

"Sijui. Alihama."

Siku aliyoegemea meza kupumzisha mguu, pasi ikaunguza shuka. Bosi hakufoka. "Kapime, mama. Ukirudi hivyohivyo, meza nampa mwingine." Na wa kupewa hawakuwa mbali.

Tabibu wa zahanati, binti mdogo tu, alibana kisigino pande zote mbili: hakiumi. Akauliza kama kuna ganzi: hakuna. Akakunja kidole gumba cha mguu kwenda juu, akabonyeza chini ya kisigino, upande wa ndani.

"Hapo hapo, mwanangu. Pole pole."

"Asubuhi ndiyo kunazidi?"

"Na nikiinuka. Nipige picha uuone huo mwiba."

"Unaweza kuwepo, mama. Wengi wanao na hawaumwi. Kinachouma ni utando mnene wa chini ya wayo, kutoka kisiginoni mpaka vidoleni. Umechoka. Ukipumzika unakaza, ukisimama unavutwa ghafla. Ukitembea unalainika, nawe unadhani umepona, kumbe unauumiza zaidi. Kazini unavaa nini?"

"Miguu yangu."

Tabibu akatabasamu kidogo. Viatu vya soli nene, kukaa kila nafasi ikipatikana, kunyoosha wayo kabla ya kushuka kitandani. Kukatwa, hapana.

"Nitapona lini?"

"Miezi kadhaa."

"Punguza."

"Haipungui, mama."

Kazini, bosi alisikiliza maagizo ya tabibu akiwa mlangoni mwa chumba cha pasi. "Kiatu hakiingii humu."

"Cha barabarani hakiingii. Hiki ni kipya, kitalala humu humu. Au mtafute huyo mwingine, umfundishe kunyoosha kona za shuka, na wageni wanaingia leo jioni."

Bosi akatazama rundo la shuka. Lilikuwa linamfika kifuani.

"Nikiona alama ya soli kwenye shuka, unafua mwenyewe."

"Nitafua nimekaa."

Akavaa, akachomeka pasi. Kisigino kilikuwa kinauma vilevile.