Mlango wa Katekista Flavian

Mdogo wangu Flavian ni katekista wa kigango chetu, na ukitaka kujua maana ya kitu chochote cha Noeli, muulize yeye. Hata usipomuuliza atakwambia. Mshumaa wa kwanza wa Majilio una maana yake, wa pili una yake, na ule wa tatu wenye rangi ya waridi ndiyo usiseme, una mafundisho yake peke yake, watu wamesimama na njaa inawauma. Majani mabichi ya lile taji ni uzima usiokauka. Nyota ni imani. Hori ni unyenyekevu: "Mungu amekubali kulazwa kwenye chombo cha kulishia ng'ombe," anasema, na hapo lazima afumbe macho kidogo. Mimi ni dada yake. Nilimfuta kamasi mtu huyu. Akifumba macho, mimi nayafumbua ya kwangu.

Alianza zamani. Tulipokuwa watoto, wenzake wanafukuza ndege kwenye ulezi, yeye yuko juu ya kichuguu anabariki vipande vya muhogo. Baba akaona huyu anafaa seminari. Seminari nao wakamtazama, wakaona hafai, wakamrudisha na sanduku lake. Basi akawa katekista, na nisimwonee: ndugu yangu si mvivu. Mvua inyeshe, baridi ya huku Ufipa ikate masikio, akisikia kuna mgonjwa ng'ambo ya mto atavuka kwenda kumsalia. Amezika watu, amefundisha watoto wa watu mpaka wamekuwa wazee. Tatizo lake ni moja tu. Maana ya kila kitu anaijua, ila kilicho mbele ya pua yake hakioni.

Na mwaka jana kilichokuwa mbele ya pua yake ni binti yake, Rhoda.

Rhoda ndiye mtoto wake wa kwanza na msichana pekee. Ndiye aliyekuwa anaimbisha kwaya, sauti yake unaisikia ukiwa bado uko kwenye shamba la mahindi. Alishuka Wampembe, ziwani, kununua dagaa wa kuuza, akarudi na dagaa na mimba. Aliyempa mimba alikuwa ameshavuka ziwa, na simu yake haipatikani mpaka leo. Tumbo lilipoanza kuonekana, mwezi wa tisa, Flavian hakuuliza swali hata moja. Alisema, "Katika nyumba ya katekista, hapana," akamtolea mfuko wake wa nguo nje. Kisha akaenda dukani Majengo, akanunua komeo la chuma, akalipigilia mlangoni. Kwa usalama, eti. Miaka yote tunalala na mlango wa kuegesha, na mwizi hajawahi kutuona.

Jumuiya nayo akaipa somo: atakayempokea Rhoda amebariki dhambi. Basi kila nyumba ikapata sababu. Hellena, mama yake wa ubatizo, aliyemshika kichwani siku ile anamwagiwa maji, akasema nyumba yake ni ndogo. Nyumba ina vyumba vinne, na anaishi yeye na kuku! Mimi nakaa chumba cha uani hapo hapo kwa Flavian, ningemweka wapi, chini ya kitanda? Nilimgombeza mdogo wangu mpaka sauti ikakauka. Alinisikiliza kwa upole kabisa, kisha akanieleza maana ya toba.

Flavian akaambiwa Rhoda amekwenda Kabwe kwa ndugu zetu. Akaamini. Au ilimfaa kuamini.

Kumbe Rhoda yuko bondeni kwa Kashinje! Kashinje ni Msukuma, mfugaji, amehamia huku na ng'ombe wake, na ni yule yule ambaye Flavian alimwita mharibifu mbele ya mtendaji kwa sababu ng'ombe waliingia kwenye mahindi yetu. Hasali kwetu. Majilio na Kwaresima kwake ni kitu kimoja. Mke wake alipomkuta Rhoda barabarani na mfuko, hakuuliza maana ya chochote. Alisema, "Mtoto ana baridi huyu, aingie." Ndiyo hivyo tu, akaingia. Bertha, mama yake Rhoda, akawa ananipa unga wa ulezi, naufunika kwa mboga kwenye beseni, nateremka nao. Kijiji kizima kilijua. Paka walijua. Katekista peke yake hakujua, maana hakuna aliyethubutu kumwambia.

Desemba ilipofika, Rhoda alikuwa mzito, siku zake zimekaribia. Kila nikienda ananiambia jambo moja.

"Shangazi, nataka kujifungua nikiwa nyumbani. Nataka mama awe karibu yangu. Sitaki kingine."

Nami namjibu, "Tutaona mwanangu."

Sasa niwaeleze kuhusu mkesha wetu. Jioni ya kuamkia Noeli, kabla ya kwenda kanisani, Maria na Yosefu wanapita nyumba kwa nyumba kutafuta mahali pa kulala, na kwaya iko nyuma yao. Wanabisha hodi kwa wimbo. Mwenye nyumba anawakatalia kwa wimbo, mlango umefungwa, na wote tunaifurahia sana sehemu hiyo. Nyumba ya mwisho ni ya katekista, kila mwaka. Yeye anakaa ndani, anajibu kupitia mlangoni, halafu anafungua na kuimba ubeti wa kukaribisha, tunaingia, anamnywesha Maria togwa kwa mkono wake mwenyewe. Ni yeye aliyeuanzisha mpango huu, na wimbo ameutunga yeye. Siwezi kusema uongo, ni wimbo mzuri. Na mafundisho yake yapo: mlango ni moyo, anayefungua mlango amefungua moyo wake. Aliyafundisha hayo mwaka jana pia, na komeo lake jipya linang'aa.

Safari hii akataka punda. Maria wetu amekwenda kwa miguu miaka yote na hakuna aliyelalamika, lakini Flavian aligundua kuwa punda ni ishara ya mfalme wa amani. Na punda huku yuko kwa nani? Kwa Kashinje. Wasukuma ndio wenye punda, wanabebea maji na mahindi.

"Tena maandamano yaanzie bondeni kwake," akatangaza kanisani baada ya sala. "Iwe ishara ya amani kati ya wakulima na wafugaji."

Kanisa zima watu wakaangalia viatu vyao. Bertha alinibana mkono mpaka kucha zikaingia. Mimi nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku ya mkesha mvua ilikatika alasiri, ikatuachia matope na ukungu. Tukateremka. Maria alikuwa Sharon, binti anayesuka nywele mjini, amekuja kula sikukuu kwao. Kucha ndefu nyekundu, kitambaa cha bluu kichwani, na mto amejifunga tumboni kwa kanga. Mto wenyewe unateremka kila hatua tatu. Yosefu alikuwa Evaristi wa besi, amejibandika ndevu za sufi. Kashinje akatuletea punda, akatusalimia vizuri, akasimama pembeni ameegemea fimbo yake.

Punda alimtazama Sharon, akalaza masikio nyuma, akakita miguu. Evaristi akavuta kamba. Punda kimya. Akaenda kusukuma nyuma, ndevu zikaanguka kwenye tope. Kwaya ikaanza kucheka. Sharon akamsogelea, "Twende basi, mpenzi," punda akapiga teke la kuonya, na Maria Mtakatifu akakimbilia zizini na mto wake mkononi.

Kashinje akasema taratibu, "Mtahangaika bure. Huyu haendi na mgeni. Anaenda na Rhoda, ndiye anayechota naye maji."

Kicheko kikakatika. Wote pale walijua, lakini ilikuwa mara ya kwanza mtu kulitaja jina lile kwa sauti mbele za watu. Rhoda akatoka kwenye nyumba ya mke wa Kashinje, tumbo mbele, miguu imevimba, akaja mpaka kwa punda, akashika kamba na kumpigia ulimi. Punda akatembea.

Hapo nampa Sharon heshima yake, na kucha zake. Alivua kitambaa cha bluu akamfunga Rhoda. "Chukua, dada," alisema. "Wewe huhitaji mto."

Rhoda akanigeukia. "Shangazi, mpaka kwa baba?"

"Wimbo unaishia huko," nikamwambia. "Si mimi niliyeutunga."

Tukapanda. Hakumpanda punda, alikwenda kando yake, mkono umeegemea mgongoni. Nyumba ya kwanza ikawa ya Hellena. Evaristi akabisha:

*Hodi mwenye nyumba, baridi imetushika,
mke wangu amechoka, tupatie pa kulala.*

Hellena kutoka ndani akajibu kwa madaha, maana anajua ana sauti:

*Nendeni mbele, hapa pamejaa,
wageni wa heri wameshatangulia.*

Katikati ya "wameshatangulia" akasogeza pazia atuone. Sauti ikamfia kooni. Pazia likashuka. Tukaenda nyumba ya pili, na ya tatu, na kila nyumba hivyo hivyo: wanaanza kukataa kwa furaha, wakichungulia wanashindwa kumaliza ubeti. Sikuwahi kuusikia wimbo ule ukiimbwa vibaya kiasi kile, na mwaka huo ndipo nilipoyasikia maneno yake. Moyoni nilikuwa na hasira, jamani. Miezi yote hiyo walimkatalia mtoto huyu bila muziki na hawakuona taabu.

Tukafika kwa katekista. Mlango umefungwa, moshi unatoka jikoni. Evaristi alipofungua mdomo, Rhoda akainua mkono kumzuia. Akaimba mwenyewe. *Hodi mwenye nyumba.* Sauti ile ile, ila imeshuka kidogo kwa uzito.

Ndani, kimya. Flavian hajawahi kukosa kujibu, huwa anadakia hata kabla ubeti haujaisha. Punda akatikisa masikio. Tukasikia sauti ya Bertha, pole pole:

"Baba Rhoda, jibu."

Tangu mwezi wa tisa hakuwa amemwita hivyo. Alikuwa amekatazwa.

Komeo likavutwa. Flavian akasimama mlangoni na kanzu yake nyeupe, akamtazama mwanawe usoni, halafu tumboni, halafu usoni tena. Akaimba. Ubeti mzima wa kukaribisha, sauti kavu, lakini hakukosea noti hata moja. *Karibu Maria, karibu Yosefu, nyumba ni yenu, moto unawaka.* Kwaya ikaitikia, vigelegele vikapasuka, Hellena ambaye alikuwa ametufuata akalia kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mwenyekiti. Flavian akamketisha Rhoda kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Akamnywesha togwa kwa mkono wake. Mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikalia. Nikajua yamekwisha.

Thubutu!

Togwa lilipozunguka, Flavian akasimama, akasafisha koo. "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

Akatueleza maana ya punda. Naapa, alieleza! Unyenyekevu, amani, mfalme asiyekuja na farasi wa vita. Kisha akageukia ukuta wenye picha ya Familia Takatifu, akasema akiuangalia huo ukuta:

"Igizo letu limekwisha. Tutakutana kanisani. Sasa kila mmoja arudi kwake."

Na watu wakainuka! Wale wale waliopiga vigelegele. Mmoja mmoja, wameinamisha vichwa, wanatafuta ndala zao mlangoni. Hellena alikuwa wa kwanza. Evaristi akatoka na ndevu zake mfukoni. Tukabaki sisi wa nyumba, na Sharon amesimama hajui ashike lipi.

Rhoda alifungua kitambaa cha bluu, akakikunja vizuri, akamrudishia Sharon, akamshukuru. Sharon akaenda. Rhoda akaendelea kukaa.

"Rhoda," Flavian akasema, bado anaongea na ukuta. "Nimesema kila mmoja arudi kwake."

"Nimesharudi, baba."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyetoka kuteka maji. Mimi nilikuwa na matusi niliyoyaweka akiba tangu mwezi wa tisa, yamepangwa vizuri, nikafungua mdomo niyamwage. Bertha akanitazama. Nikaufunga. Mvua ikaanza tena juu ya bati.

Flavian aligeuka mwishowe. Hakumtazama usoni, alitazama miguu yake. Tope lilikuwa limefika kwenye muundi, na vidole vimevimba hata ndala hazimwingii sawasawa.

"Huyu amekula?" akamuuliza Bertha.

"Mwenyewe huyo hapo," Bertha akajibu. "Muulize."

Akamgeukia Rhoda.

"Umekula?"

"Bado, baba."

Flavian akakunja mikono ya kanzu yake akaenda jikoni. Tukamsikia anafungua sufuria hii, anafunika, anafungua ile, kitu kikaanguka, akasema samahani, sijui alikuwa anamwambia nani. Miaka yote katika nyumba ile, hakujua sahani zinawekwa wapi. Bertha alikuwa ameshakaa karibu na binti yake, amemshika mkono, na hakuinuka kumwonyesha.