Futi ya Shangazi na Watoto wa Bibi Harusi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ugonjwa wa mafundi cherehani ni kudhani kila shida duniani inashoneka. Ndiyo maana sungura wake mweupe, Bibi Harusi, alipopoteza uzazi wa kwanza kwa kuzalia juu ya waya mtupu wa sakafu ya banda, shangazi hakwenda kumuuliza mtu. Alikaa kwenye cherehani akashona godoro. Alilijaza pamba, akalitia lesi pembeni, na mtaa mzima ukapita kulitazama.

Uzazi wa pili ulifia kwenye godoro hilo. Baadhi ya watoto walijipenyeza chini ya kitambaa, mbali na wenzao, baridi ikawamaliza. Wengine walinaswa miguu na nyuzi za lesi. Shangazi alilifumua lile godoro mshono kwa mshono, akaitupa lesi jalalani, na kwa mtu anayetunza hata uzi, hilo lilinitisha.

Jirani yetu muuza nyama hakutishika. Huyu tunamwita Kilo Kasoro, sababu mizani yake inamhurumia mtu mmoja tu, naye ni mwenye mizani. Alisema sungura wa namna hiyo mahali pake ni sufuriani. Shangazi, ambaye hakubali kushindwa maneno, akamjibu mbele za watu, "Uzazi wa tatu ukifa, njoo umchukue mwenyewe. Ukiishi, usikanyage uani kwangu na hicho kisu." Anampenda yule mnyama kuliko anavyotupenda sisi, na wala hafichi.

Safari hii alimeza kiburi akaenda kwa mfugaji wa mtaa wa pili. Alirudi na kasha la mbao, dogo kiasi cha mama kuweza kugeuka tu, akaliweka bandani siku tatu kabla ya Bibi Harusi kutimiza siku zake, akalijaza nyasi kavu. Kitambaa, hata kipande, marufuku. Bibi Harusi akaanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani na kuyatandika kashani.

"Lesi yangu ameikataa," shangazi alinung'unika, "anachana koti lake mwenyewe."

Siku ya thelathini na moja tangu apandishwe, asubuhi tulikuta manyoya yanapanda na kushuka. Chini yake walikuwamo watoto saba, ngozi tupu, macho yamefumba, wamelaliana. Shangazi alinawa mikono, akawahesabu, akawafunika.

Kisha kasheshe ikaanza. Bibi Harusi alikaa kona ya mbali kutwa nzima akitafuna majani, hata kuchungulia kashani hataki. Kilo Kasoro aliegemea ukuta wa ua, amefurahi.

"Mama gani huyo? Watoto wanakufa njaa, yeye anakula. Kesho asubuhi nakuja."

"Mfugaji kaniambia wananyonyeshwa mara moja au mbili kwa siku, dakika chache tu, halafu mama anakaa mbali," shangazi alisema.

"Mfugaji yuko kwake. Mimi naona kwa macho yangu."

Jioni shangazi akavua futi shingoni. Akawapima matumbo mmoja mmoja kwa heshima zote, kama wateja wa suti, mimi nikiandika kwa chaki ya kushonea kwenye mlango wa banda. Kulipopambazuka tukapima tena. Mtoto wa kwanza alimpima mara tatu. Wote saba walikuwa wameongezeka. Matumbo yamejaa, na weupe wa maziwa unaonekana chini ya ngozi.

Kilo Kasoro alipobisha hodi, shangazi alimwamuru anawe mikono, akamwekea mtoto mmoja kiganjani, akamzungushia futi.

"Soma."

Akasoma. Akasoma na pale mlangoni. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Kilo Kasoro alikiri kwamba kipimo kimezidi.

"Sasa anawanyonyesha saa ngapi?" aliuliza taratibu, kisu amekificha nyuma.

"Saa ambazo wewe huangalii."

Alipoondoka, shangazi alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Mama yangu alifariki nikiwa na miezi minne, na shangazi ndiye aliyenichukua. Alinilaza kwenye kapu la vipande vya vitambaa chini ya meza ya cherehani, akashona kutwa, na wapita njia wakasimama mlangoni kumtazama.

"Na mimi walinisema hivyo hivyo," alisema. "Eti nashona tu, mtoto simwangalii. Miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza kama walisema kweli."

Nikachukua futi mkononi mwake, nikajizungushia tumboni, nikamsogelea aisome.

Aliisoma. Akaisoma tena, akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Punguza kula, mwanangu," alisema. "Lile gauni nililokushonea mwezi jana halitafunga."