Vidole Viwili vya Mama

Kabla ya kuondoka Butembo nilikagua kila kitu, au ndivyo nilivyojidanganya. Kompyuta yangu ya kwanza nilikuwa nikiiunga kipande kwa kipande ndani ya kasha la mtumba la ofisini. Ilibaki kadi ya picha tu, maana bila hiyo skrini haionyeshi kitu. Kwenye karatasi niliandika aina ya mfereji ambamo kadi inachomekwa kwenye carte mère, ule ubao unaobeba vifaa vyote, na umeme ambao mashine yangu ingeweza kuilisha. Urefu wa nafasi ndani ya kasha sikuupima. Mimi huyu, ninayewacheka wanaonunua mlango kabla ya kujenga ukuta.

Kadi zilipatikana Beni, kwa mfanyabiashara mpole aliyezipokea kupitia mpaka wa Kasindi. Safari yenyewe haikuwa ngeni. Kila wiki nilikwenda Beni kupanga kurasa za mialiko ya harusi na karatasi za mitihani kwenye mashine ya watu, na kila wiki mama, kwa hofu ya barabara, alibaki na rozari mkononi mpaka nipige simu kwamba nimefika. Kompyuta ya nyumbani ingemaliza hayo. Ningefanya kazi Butembo, niitume kwa mtandao, barabara niwaachie wenye kuipenda.

Mfanyabiashara akaweka kadi mbili mezani: moja fupi na dhaifu, nyingine ya nguvu, urefu wake sentimita ishirini na moja. Zote zilikubaliana na karatasi yangu. Akauliza kama ile ndefu itaenea ndani, akanionya kwamba kadi ikishatoka dukani, kuirudisha ni maneno mengi. Nikampigia mama. Simu yake ni ya kubonyeza, haipigi picha, na kasha lilikuwa chini ya kitanda. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliyetaka nilikuwa mimi, aliyeinama alikuwa mama, na magoti yake yale. Nilimwelekeza apime kutoka ukuta wa nyuma wa kasha hadi kizimba cha chuma kinachoshika diski. Mama ni mshonaji, futi haitoki shingoni mwake. Akasema ishirini na mbili. Nikachukua ndefu.

Kesho yake watu walishambuliwa njiani na barabara ikafungwa. Halafu zikafuata siku za ville morte, mgomo wa mji mzima, maduka yote kufuli. Nilikaa siku tisa hapohapo Beni, sebuleni kwa mama mdogo, nalala kwenye kochi, madirisha yakifungwa mapema kila jioni. Kila asubuhi iliyoruhusu nilikwenda kuuliza magari, na madereva walewale wakatikisa vichwa. Niliogopa, na nilimkasirikia kila mtu, hata mama mdogo aliyenilisha bila kunung'unika. Nikizidiwa, naitoa kadi mfukoni, naipima kwa shubiri, najiambia: hii ikishapanda, sitanaswa hapa tena.

Siku ya kumi nilifika nyumbani. Sikunywa hata chai, nikalivuta kasha na kuchomeka kadi. Ikagonga chuma. Nikaigeuza, nikaisukuma, ikagonga palepale. Nikachukua futi shingoni mwa mama na kupima mwenyewe.

"Mama, ulisema makumi mbili na mbili. Hapa iko kumi na munane."

Hakushtuka hata kidogo. "Njo vile. Niliongeza vidole mbili, kusudi ipumue. Kitu yote inapashwa kupumua."

Nilitaka kupiga kelele. Sare zangu zote za shule zilikuwa na vidole viwili hivyo, sentimita nne za ziada. Nilizivaa kwa aibu mwaka wa kwanza na kwa raha mwaka wa pili. Nikameza hasira, nikasema kesho narudi Beni kumbembeleza mfanyabiashara anibadilishie.

Mama akaweka mkasi chini. "Kwa ile barabara, hapana. Kata hiyo chuma."

Kukata hakukuhitajika. Nilifungua skrubu za kizimba nikakitoa, diski nikailaza nje ya kasha, juu ya kipande cha kitenge alichonikunjia mama. Ubavu wa kasha ukabaki wazi. Kadi ikaingia, skrini ikawaka, nami nikacheka kwa furaha.

"Donc, Beni hapana tena?" mama akauliza.

"Hapana tena, mama."

Akaitundika rozari kwenye msumari, akarudi kwenye cherehani yake. Nikabaki mbele ya skrini. Kitanda, meza, dirisha moja, hatua nne kutoka ukuta hadi ukuta. Siku tisa nilikuwa nimeomba nirudi katika chumba hiki, na sasa nilikuwa nimeahidi kutotoka. Kilinibana pande zote, na safari hii hakuna aliyeongeza vidole viwili.