Adventina na Picha ya Chelezo

Adventina Ryoba alikuwa mchoraji wa mabango pale Kabasa, Bunda. Kichwa cha ng'ombe kwenye bucha, mkasi kwenye saluni, samaki sato mnene kwenye ukuta wa mgahawa, vyote vilikuwa kazi ya mkono wake. Kwa hiyo Mwalimu Thadeo alipomwambia kwamba rangi ya mafuta bado hajaijua, alicheka.

"Mwalimu, rangi ya mafuta nilikuwaga natumia kabla Enoka wangu hajazaliwa."

"Ile ya makopo ni ya milango, Mama Enoka. Njoo kwangu Buhare nikuonyeshe nyingine."

Thadeo alikuwa amestaafu kufundisha sanaa chuoni, na macho yake yameanza kuingia ukungu. Adventina alipofika, mzee alimtandikia mezani nakala kubwa ya mchoro wa zamani wa Ulaya. Bahari imechafuka, meli imepotea, watu wamebaki juu ya chelezo cha mbao zilizofungwa kwa kamba. Wengine wamekufa, wengine wanakata roho, na wachache wamepanda migongoni mwa wenzao wanapunga vitambaa. Mzee mmoja amempakata kijana aliyekufa, wala hatazami wanakotazama wenzake.

"Nakili huu," alisema Thadeo. "Ukiumaliza, utakuwa umefundishwa na mtu aliyenizidi mimi mbali."

Adventina aliinamia mchoro. Alikulia Butiama, mbali kidogo na maji, lakini aliwahi kusimama ufukweni na familia zinazosubiri mitumbwi isiyorudi. Aliujua ukimya ule. Hakujua kwamba unaweza kuchorwa.

Alipiga miraba juu ya turubai la kuchorea, kama afanyavyo kwenye kuta za maduka, akahamisha mwili mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo alipogundua kwamba fujo ile yote imepangwa: mguu wa maiti, mgongo wa huyu, bega la yule, vyote vinapanda kama ngazi hadi kwenye mkono wa juu kabisa. Rangi nayo ilimshangaza. Ya makopo ilikuwa ikikauka kabla hajamaliza chai. Hii ilikaa mbichi mpaka kesho yake, ikimpa nafasi ya kubadili mawazo.

Kijana aliyekufa ndiye aliyemshinda. Alimpaka weupe, akawa chokaa. Akampaka kijivu, akawa saruji. Akafuta kwa kitambaa, akapaka tena, akafuta.

"Nyeusi unaipenda mno," alisema Thadeo, pua yake karibu iguse turubai. "Iweke kando. Laza kijani chini, kikikauka pitisha rangi ya mwili juu yake, nyembamba kabisa, kijani kiwe kinachungulia."

Akafanya hivyo. Brashi ilipopita kifuani, ngozi ikatokea. Ngozi iliyopoa, ya mtu aliyekuwa na joto muda si mrefu. Adventina alirudi nyuma mpaka akagonga mlango, akafanya ishara ya msalaba.

"Mwalimu, huyu mtu yupo. Nimemchora mimi mwenyewe, na namwogopa."

Thadeo hakucheka. Alivuta kiti. "Mimi sioni vizuri. Hebu nisimulie."

Akamsimulia, kidole kikifuata nakala ile ya mezani, hadi akafika kwenye upeo wa bahari, kwenye kidoa alichodhani ni uchafu wa mashine ya kuchapa.

"Hiyo ni meli nyingine," alisema Thadeo. "Ndiyo wanayoipungia."

"Ndogo hivi?"

"Ndogo hivyohivyo."

Aliichora kwa ncha ya brashi, akiwa amezuia pumzi.

Siku hizi picha iko sebuleni kwake. Jirani yake Ghati, muuza dagaa, aliingia mara ya kwanza akiwa anaongea kwa sauti, akanyamaza katikati ya neno. Alitua beseni sakafuni.

"Mama Enoka, hawa watu wataonekana?"

"Sijui, dada yangu. Kila asubuhi naangaliaga."

Wakasimama wote wawili mbele ya maji yale.